Mstari wa Wafiwa

Saa kumi kamili jioni mioyo mia tisa ilianza kudunda ukutani.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa kioo, mrefu kama jengo la ghorofa sita, nao uliitwa Ubao wa Mioyo. Kila aliyeketi katika Ukumbi wa Mdahalo wa jiji la Kitorongo alikuwa amevalishwa kipimamoyo, bangili nyembamba iliyobana kifundo cha mkono, na kila bangili ilipeleka mapigo ya mvaaji wake kwenye nukta moja ya mwanga pale juu. Moyo ukitulia, nukta ilikuwa ya buluu. Ukienda mbio, iligeuka manjano, kisha chungwa, kisha nyekundu kama kaa la moto. Mashine ilijumlisha nukta zote na kuandika alama chini ya jina la kila mgombea urais, kuanzia sifuri hadi mia.

Miaka ya nyuma mambo hayakuwa hivyo. Mdahalo ulipokwisha, kila kituo cha habari kilimtawaza mshindi wake, wachambuzi wakarushiana maneno wiki nzima, na mwaka mmoja watu wakachomeana maduka kwa kubishania nani aliyemzidi nani kwa hoja. Ndipo Baraza la Midahalo likaleta kipimamoyo. Watu husema uongo kwa midomo yao, Baraza lilieleza, lakini hakuna awezaye kuuamuru moyo wake upige vingine. Tangu hapo mabishano yalikwisha. Watu walitazama alama, na siku ya kura wengi walimfuata aliyeongoza.

Nanzia Mbwambo alikaa mstari wa pili kutoka mbele. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, fundi wa miguu ya bandia hospitalini, mpole wa sauti, mwenye mazoea ya kukunja mikono kifuani anaposikiliza. Leo alikatazwa kuikunja, maana bangili ilitaka mkono ulale juu ya kiti. Mstari wake ulikuwa na viti kumi na viwili, na wote waliovikalia walikuwa wajane wa Mnara wa Tatu.

Kitorongo halina mto wala ziwa. Jiji zima hunywa maji ya minara ya kuvuna ukungu, majengo marefu yanayotandaza nyavu mawinguni na kuteremsha maji usiku na mchana. Mnara wa Tatu uliporomoka ukiwa bado unajengwa, mafundi arobaini na mmoja wakiwa ndani. Eliamani, mume wa Nanzia, alikuwa msimamizi wa wachomeleaji. Siku nne kabla ya hapo alirudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi bila kuvua viatu, akasema, "Nguzo ya mashariki imepasuka. Nimeandika taarifa. Wizara imejibu kazi iendelee, kwa sababu siku ya uzinduzi imeshatangazwa."

Waziri aliyetia saini jibu lile alikuwa Dakta Severini Lukando. Sasa alisimama jukwaani, suti ya kijivu imemkaa vizuri, akiomba urais.

Mpinzani wake, Bi Paskalia Ndimbo, alianza. Aliongea polepole, akitazama karatasi. Alisema akichaguliwa ataunda tume huru ya kuchunguza Mnara wa Tatu, taarifa zote zifunguliwe, na kila aliyetia saini aje aeleze. Nanzia alisikia mabega yake yakishuka. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba alivuta pumzi ikafika chini. Mama Shukuru, mjane aliyekaa kulia kwake, alifumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

Nanzia alipotazama Ubao, nukta kumi na mbili za mstari wao zilikuwa buluu tupu. Chini ya jina la Bi Paskalia iliandikwa: 23.

Kisha Dakta Lukando akasogea mbele. Hakuwa na karatasi.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti yake ikateremka hadi karibu na kunong'ona, "siwezi kuzungumzia kesho ya nchi hii bila kuwataja vijana wetu wa Mnara wa Tatu. Walijitolea. Walijua hatari, wakaikubali kwa mapenzi yao, ili mimi na wewe tunywe maji. Namkumbuka hasa Eliamani Mbwambo, aliyewahimiza wenzake waendelee na kazi."

Damu ilimpanda Nanzia kichwani. Masikio yakavuma. Alitaka kusimama apige kelele kwamba huo ni uongo, kwamba Eliamani ndiye aliyetaka kazi isimame, lakini sheria ya ukumbi ilikuwa moja: anayepiga kelele hutolewa nje asipimwe tena. Akauma meno. Nitampa sifuri, alijiambia. Nitampa sifuri, nchi nzima ione.

Ukumbi mzima uliguna. Alipoinua macho, mstari wa pili ulikuwa umewaka wekundu mtupu kutoka mwanzo hadi mwisho, na alama ya Dakta Lukando ilikuwa ikipanda. Sitini. Sabini na tatu. Themanini na moja.

"Ni jambo la kugusa sana," mtangazaji alisema kwenye vipaza sauti. "Mioyo ya wafiwa wenyewe ndiyo inayoongoza. Kiti namba saba, mjane wa marehemu Mbwambo, amempa tisini na nne!"

*

Nanzia aliporudi nyumbani, Bi Nakijwa, mama yake Eliamani, alikuwa amekaa sebuleni huku runinga imezimwa. Nanzia alijua kwa kuona tu ilivyozimwa kwamba alikuwa ameshatazama.

"Shikamoo, mama."

Bi Nakijwa aliiruka salamu. "Tisini na nne," alisema. "Yule mtu, tisini na nne."

"Mama, nilikuwa na hasira. Nilitaka kumrarua."

"Mimi sijui mambo ya mashine, mwanangu. Najua nilichokiona. Aliyemzika mwanangu chini ya zege ametaja jina lake, na moyo wako umemshangilia mbele ya nchi nzima." Akainuka, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Kama angeubamiza, je, maumivu ya Nanzia yangepungua? Hakujua.

Asubuhi alikwenda ofisi za Baraza la Midahalo. Baada ya kuzungushwa madirisha matatu, alipelekwa kwa Mhandisi Gwakisa Mwaipaja, mmoja wa waliotengeneza kipimamoyo, mtu mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Alimkaribisha kiti, akasikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Mama, ulichosema ni kweli," alisema. "Kipimamoyo hakijui mapenzi wala chuki. Kinajua moyo umekwenda mbio kiasi gani, basi."

"Na mlijua?"

"Tulijua. Chombo cha kwanza tulichotengeneza kilikuwa na vihisio saba. Kilisoma jasho, pumzi, misuli ya uso, hata joto la vidole. Kiliweza kutofautisha hasira na furaha." Akajikuna shingo. "Tulipokiwasha kwenye mdahalo wa majaribio, kilionyesha kwamba watu wanawachukia wagombea wote. Baraza likasema chombo ni kibovu. Tukaamriwa tuondoe vihisio sita."

Nanzia akasogeza kiti karibu na meza.

"Na huu mstari wetu wa wafiwa? Watu wengine wote walipatikana kwa bahati nasibu. Nani aliomba sisi tuwekwe pamoja, mbele?"

"Kwa heshima yenu, ndivyo ilivyoandikwa."

"Nimeuliza nani."

Mhandisi aliinamisha kichwa. "Barua ilitoka ofisi ya kampeni ya Dakta Lukando."

Nanzia alisema basi hatarudi kwenye mdahalo wa pili. Mhandisi akatikisa kichwa. Kwa kanuni, kiti kikibaki kitupu, mashine huendelea kuhesabu alama ya mwisho ya mwenye kiti. Tisini na nne yake ingekaa pale pale ukutani.

"Kwa hiyo nifanye nini, baba?"

"Kuna njia moja tu," alisema, na hakuonekana kuifurahia. Alifungua droo, akatoa kipimamoyo cha zamani, akakiweka mezani. "Mkae pale, mumsikilize akiwataja waume zenu, na mioyo yenu isitikisike."

*

Walikuwa na wiki tatu. Kila siku baada ya kazi wajane walikutana sebuleni kwa Mama Shukuru, wakakaa kwenye mikeka, wakapokezana bangili. Walicheza rekodi ya hotuba ya Dakta Lukando tangu mwanzo hadi mwisho. Ilipofika kwenye jina la Eliamani, waliirudisha nyuma, wakaicheza tena, na kila mjane akatajiwa jina la mumewe pia. Mwanzoni kila mtu alilia. Siku ya tano waliacha kulia. Siku ya tisa Mama Shukuru alisikia jina la mumewe huku akichambua mchele, na bangili ikabaki buluu.

Bi Kuruthumu ndiye aliyekataa. Alikuwa mdogo kuliko wote, na mumewe alikufa kabla hawajamaliza mwaka pamoja. Siku ya tatu aliivua bangili, akaiweka juu ya meza.

"Dada zangu, mtanisamehe. Siwezi kuufundisha moyo wangu umzoee mume wangu kama mtu wa barabarani."

"Ni kwa ajili yake tunafanya," Nanzia alimwambia. "Tukishinda, tume itaundwa. Ukweli wa Eliamani utajulikana, na wa mumeo pia."

"Labda. Lakini mimi nitabaki na nini?"

Akaenda zake. Baadhi yao walimsema kwamba ni mtoto.

Nanzia alikuwa mwanafunzi bora. Mikono yake ilizoea kazi ya subira, na aliuchukulia moyo kama alivyochukulia goti la chuma linalogoma: unaligusa pale pale linapokwama, tena na tena, hadi liache kukwama. Alilitaja jina la Eliamani mara sitini kwa kikao. Alijilazimisha kukumbuka jinsi alivyokuwa akipiga mluzi bafuni, alama ya moto kwenye kidole gumba chake, harufu ya chuma kwenye shati lake la kazi. Kila kumbukumbu aliishika mpaka ikapoa, kisha akachukua nyingine. Kufikia mwisho wa wiki ya tatu hakubakiwa na iliyo moto.

*

Mdahalo wa pili ulianza saa kumi vilevile. Kiti cha Bi Kuruthumu kilikuwa kitupu, na nukta yake iliwaka wekundu wa mdahalo uliopita.

Dakta Lukando aliwataja marehemu kama ilivyotarajiwa. Safari hii aliwataja saba, polepole, akitua kila baada ya jina. Nanzia alisikiliza kama mtu anayesomewa ratiba ya garimoshi. Juu ya Ubao, nukta kumi na moja zilikaa buluu. Alama ya Dakta Lukando, iliyokuwa themanini na moja, ikashuka hadi themanini, sabini na nane, sabini na saba. Ikasimama hapo. Mioyo mingine mia nane themanini na nane haikuwa mikononi mwao. Mama Shukuru alimgusa goti hata hivyo. Kushuka ni kushuka.

Dakta Lukando aligeuka akautazama Ubao. Kisha uso wake ukalainika, kama wa daktari anayeleta habari njema.

"Ndugu wananchi, tazameni mstari wa pili," alisema. "Wiki tatu zilizopita mioyo hii ilikuwa inawaka. Leo imetulia. Hawa ndio wenye msiba, na mioyo yao wenyewe imetuambia kwamba wamepona. Nani basi anataka kufukua kaburi ambalo wenyewe wameshalifunika? Bi Paskalia, waacheni hawa kina mama wapumzike."

Ukumbi uliguna tena. Nukta nyekundu zilitapakaa kutoka nyuma hadi mbele, na alama ikapanda hadi themanini na sita.

Nanzia alitaka kukasirika. Alijua kwamba hapa ndipo pa kukasirika, kwamba damu inapaswa kumpanda, masikio yavume. Aliutafuta ule moto wa siku ya kwanza. Akasema moyoni, Eliamani. Akasema, nguzo ya mashariki. Akaikumbuka taarifa iliyokuwa kwenye meza ya mtu huyu huyu. Nukta yake ilibaki buluu. Aliukaza mwili wote, akazuia pumzi hadi macho yakamtoka, na nukta ikapepesa manjano kidogo, ikarudi palepale.

*

Dakta Lukando alishinda. Mwezi wa pili wa urais wake, wizara ilitoa tamko la ukurasa mmoja kuhusu Mnara wa Tatu. Lilisema kwamba kwa kuwa vipimo vya wazi vimethibitisha jamii ya wafiwa imerejea katika hali ya utulivu, serikali haioni haja ya uchunguzi. Kiambatisho kilikuwa orodha ya alama. Kiti namba saba: 11.

Nanzia aliipeleka nakala kwa Mhandisi Gwakisa, akaambiwa ameacha kazi na hajulikani alikokwenda. Akaandika barua kwa magazeti manne akieleza jinsi walivyojifunza kutulia. Gazeti moja lilimjibu kwa adabu, likauliza kama ana kipimo chochote cha kuthibitisha kwamba bado ana uchungu.

Siku ya kutimia mwaka, Bi Nakijwa alitoka chumbani akiwa amejifunga kanga mbili. Tangu ile jioni ya kwanza walikuwa wakiongea mambo ya chumvi na maji tu. "Twende," alisema, na wakaenda pamoja.

Pale mnara ulipoanguka palikuwa na uzio, na nyuma ya uzio mlima wa zege ambalo hakuna aliyewahi kuliondoa. Roboti moja ya ulinzi ilizunguka taratibu, ikiwaomba watu wasisogee. Wajane walikuwa wameshafika. Walisimama wameshika maua, wametulia, kama watu wanaosubiri ofisi ifunguliwe. Bi Kuruthumu peke yake alikuwa chini, magoti kwenye vumbi, ameushika uzio kwa mikono miwili, akimwita mumewe kwa jina la utani ambalo wengine hawakuwahi kulisikia. Alilia hadi kamasi zikamtoka, wala hakujifuta.

Bi Nakijwa naye alianza kulia, bila sauti, mabega yakitikisika. Baada ya kitambo alimgeukia Nanzia.

"Lia, mwanangu," alisema. "Sasa najua hukumpenda yule mtu. Kuruthumu ameniambia yote. Lia tu, hakuna anayetupima hapa."

"Nataka, mama."

"Mwite."

Nanzia alifungua mdomo. "Eliamani," alisema.

Jina lilitoka sawasawa, herufi zote mahali pake, kama analisoma kwenye fomu ya hospitali. Alingoja. Akalisema tena kwa sauti kubwa zaidi, na wajane wawili wakageuka kumtazama. Kisha akaenda akapiga magoti kando ya Bi Kuruthumu, akashika uzio kama alivyoushika yeye, akautazama uso wake kwa makini, jinsi mdomo ulivyokunjamana na jinsi pumzi ilivyokatika, kama mtu anayejifunza kazi upya.