Kulungu Majike na Maharage ya Rakeli

Karekezi aliwajua ng'ombe kabla hajajua kusoma. Alizaliwa kwenye milima ya Kivu ya Kusini, huko Kongo, akachunga ng'ombe wa baba yake mpaka vita vikawafukuza. Sasa anakaa Okolona, upande wa kusini wa mji wa Louisville, Marekani. Anapanga maboksi kwenye ghala. Ng'ombe hana hata mmoja, lakini moyoni bado ni mfugaji. Na huo ufugaji ndio uliomletea kizaazaa.

Mke wake ni Rakeli. Walipofika Marekani, Rakeli alikuwa kimya sana. Alikwenda kazini, akarudi, akapika, akalala. Kisha bibi mmoja mzungu, Bi Darlene, akawapa akina mama wa kanisa kipande cha shamba lake walime bure. Shamba liko mbele ya kitongoji cha Jeffersontown. Rakeli akapanda maharage, lengalenga na maboga. Jioni ya siku hiyo alirudi na udongo kwenye kucha, akiimba. Karekezi alisimama mlangoni akamsikiliza, na machozi yakamlengalenga.

Lakini mwezi wa nane mwaka jana, Rakeli alimpigia simu kutoka shambani.

"Baba Isaro, kuja uone," alisema. Isaro ni binti yao.

Karekezi akaenda. Jamani! Maharage yalikuwa yameliwa mpaka shina. Maboga yametafunwa. Nyayo za kulungu zilijaa kila mahali. Rakeli alikuwa amekaa chini, jembe limelala pembeni.

Bi Darlene akaja na gari lake dogo. Naye alikuwa na huzuni.

"Hata miche yangu ya matofaa wameimaliza," alisema. "Nimechoka. Mwakani mambo yakiwa hivi tena, hapa nitapanda majani ya farasi, na bustani basi. Mkitaka kuwinda, ruhusa nawapa. Lakini mwaka huu waueni majike."

Karekezi alidhani Kiingereza kimempiga chenga. Akauliza tena. Jibu likawa lile lile: majike.

Njiani kurudi nyumbani, Rakeli hakuimba. Karekezi aliendesha gari huku anaogopa ule ukimya wa zamani.

"Bon, mi sielewi," alisema mwishoni, Kifaransa cha Kongo kikimponyoka. "Mwaka uliopita niliua dume mkubwa kwa Bi Darlene, mwenye pembe kama mti. Si nilisaidia? Sasa ananiambia niue mama? Kwetu hatuchinjake jike anayezaa. Ile ni laana."

Rakeli aliangalia dirishani. "Mi nataka tu maharage yangu," alisema.

Jumapili Karekezi akaanza kupiga simu. Alimpigia mama yake, anayekaa Buffalo, mji wa kaskazini, karibu na barabara ya Grant Street.

"Usithubutu!" mama alisema. "Mama hauawi akiwa na mtoto tumboni. Tena jirani yangu hapa anasema ukitaka kuua jike lazima uombe kibali cha peke yake, na unaweza kunyimwa."

Akampigia mdogo wake Cyubahiro, anayekaa mji wa Columbus.

"Muzee, hapa majike tunaua," Cyubahiro alisema. "Lakini kila wilaya ina kiwango chake. Uliza kwanza."

Mmoja anasema ua, mwingine anasema omba, mwingine anasema usithubutu. Karekezi akashika kichwa. Kila alipouliza, alizidi kupotea.

Rakeli ndiye aliyemwambia, "Enda kwa Dionizi. Unazunguka bure."

Dionizi ni jirani yao, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania. Amesoma kozi ya uwindaji, na huwinda kila mwaka. Ndiye aliyempeleka Karekezi kwenye kozi hiyo. Ni mtu wa utani, lakini ukimuuliza jambo atakujibu.

"Karibu, Baba Isaro," alisema. "Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Karekezi akamweleza yote. Dionizi akamimina chai.

"Kwanza, sheria," alisema. "Mama yako hakukosea, na Cyubahiro hakukosea. Buffalo iko kwenye jimbo lake, Columbus kwenye jimbo lake, na sisi tuna la kwetu. Sheria ya mahali pengine usiibebe. Na hata ya hapa hubadilika, kwa hiyo kila mwaka tunasoma upya. Wilaya yetu ina kulungu wengi, ndiyo maana majike wanaruhusiwa."

"Sheria nimeelewa. Ni moyo ndio unakataa."

"Haya, nikuulize wewe mwenye ng'ombe. Ukitaka kundi liongezeke, unachinja nani?"

"Dume. Hata mtoto anajua."

"Unabakiza nani?"

"Majike."

"Na dume mmoja anatosha majike wangapi?"

"Wengi."

"Vizuri. Mwaka ule kwa Bi Darlene uliua nani?"

"Dume," Karekezi alisema polepole.

"Umewafuga, ndugu yangu!" Dionizi alicheka mpaka chai ikamwagika. "Ulitoa dume, ukawaachia majike wote, na masika wakazaa, wengine pacha. Rakeli analima, wewe unawafugia walaji!"

Karekezi hakucheka. Aliona aibu, akamwona Rakeli amekaa chini kwenye maharage yaliyoliwa. Akajikasirikia sana.

"Donc maharage yaliliwa kwa sababu yangu?"

"Si yako peke yako. Wawindaji wengi hapa wanapenda pembe za kutundika ukutani. Lakini mshika mawili moja humponyoka. Huwezi kutunza majike wote na maharage pia."

"Na watoto wao je?"

"Ndiyo maana wengine hungoja mwisho wa msimu, mwezi wa kumi na mbili. Wakati huo watoto wa mwaka huu wamekwisha acha kunyonya, wanajitafutia. Wawindaji wamepungua porini. Kulungu wana njaa, wanakuja penye chakula hata mchana. Na kila jike anayetoka kabla ya masika, hazai kwenye bustani ya Rakeli. Wanaobaki nao wanapata chakula cha kutosha wakati wa baridi."

"Bon. Na ubaya wake?"

"Upo, sikufichi. Baridi inauma. Kulungu wamekwisha kusikia risasi miezi miwili, wamekuwa wajanja. Chakula cha kiangazi wamekwisha kukila, kwa hiyo ungemtoa mapema ungeokoa zaidi. Mahali penye kulungu wachache, ukiua majike unaweza kulimaliza kundi. Na kuna kukosea. Dume mdogo hana pembe, anafanana na jike. Tena wakati huo madume wengine wameanza kuangusha pembe."

"Kuangusha nini?"

"Pembe."

"Pembe zinaangukaka? Dionizi, usinichezee."

"Zinaanguka, na nyingine zinaota mwakani."

Karekezi akaweka kikombe chini. Maisha yake yote hajaona ng'ombe akiangusha pembe. Aliinuka kuondoka, anajua mengi, na bado kichwa kinamzunguka.

"Na mimba je?" aliuliza mlangoni. "Mwezi ule si wana mimba?"

Dionizi hakufanya utani. "Wana," alisema. "Hilo siwezi kukuondolea."

Mwezi wa kumi na mbili ukafika, na siku chache zilizotengwa za kuwinda kwa gobore. Ndiyo, gobore, bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo! Karekezi alipoiona alishangaa kwamba Wamarekani bado wanaitumia. Yeye na Dionizi walikuwa na vibali. Walivaa fulana za rangi ya machungwa, waonekane na wawindaji wengine. Walikaa ukingoni mwa shamba la Bi Darlene, mbali na nyumba, nyuma yao miti na mbele yao kilima tupu cha kuzuia risasi.

Kulungu mmoja akatokea, mdogo, peke yake. Hana pembe. Nyuma sana, kwenye vichaka, wakubwa walikuwa bado wanasitasita. Karekezi akafikiri kwa moyo wa mfugaji: huyu ni mtamba, hajabeba mimba bado, nimchukue huyu nimwache mama. Kabla Dionizi hajamgusa bega, gobore likalia.

Walipomfikia, Dionizi alipapasa kichwa cha yule mnyama. Akauchukua mkono wa Karekezi, akauweka pale pale. Chini ya ngozi kulikuwa na vinundu viwili vigumu.

"Ni dume," Karekezi alisema kwa sauti ndogo.

"Ni dume mtoto. Sheria hujavunja, kwa sababu pembe hazionekani. Nyama tutaila. Lakini Rakeli hujamsaidia."

"Mungu wangu! Ile siku niliua dume nikakosea. Leo nimetafuta jike, nimepata dume. Basi, mi naacha. Kazi hii si yangu."

"Ulikuwa na huruma, na huruma ndiyo iliyokukosesha," Dionizi alisema. "Dume mtoto hana uzoefu, mara nyingi hutangulia peke yake. Usimpige aliye peke yake. Subiri waje kadhaa, uwalinganishe. Chukua mkubwa, mwenye uso mrefu na kichwa cha mviringo. Huyu angalia, kati ya masikio pako bapa, na uso ni mfupi."

Karekezi alimwangalia yule mnyama muda mrefu. Kuwatambua wanyama kwa sura! Lakini kazi hiyo aliifanya tangu utotoni. Baba yake alimtuma kutafuta ndama mmoja katika kundi zima, naye akampata kwa uso tu. Hapa alikuwa ameangalia pembe, kama mgeni. Akajionea haya, kisha akajikuta anatabasamu kidogo.

Siku ya pili walirudi. Kulungu wakatoka watatu, wanne, pamoja. Karekezi hakuharakisha. Aliwaangalia nyuso kama alivyokuwa akiwaangalia ng'ombe zizini. Yule mdogo aliyetangulia, dume. Yule wa pembeni, bado mchanga. Yule wa nyuma, mwenye uso mrefu na mgongo mpana, huyo ni mama. Akavuta pumzi, akapiga.

Walipompasua, Karekezi aliona mfuko wa mimba, na ndani yake kitu kidogo kuliko kidole. Alivua kofia. Ilimuuma, na hakuficha. Dionizi akasimama kando, akangoja.

Karekezi aliwaripoti kulungu wote wawili kwa idara ya wanyamapori, kila mmoja siku ile ile aliyouawa, kama sheria inavyotaka. Nyama aliipeleka nyumbani. Cyubahiro alipoomba fungu lake, Dionizi aliwaonya: kuna ugonjwa wa kulungu katika baadhi ya majimbo, kwa hiyo usivushe kichwa wala uti wa mgongo kwenda jimbo jingine. Nyama ikaenda Columbus bila mfupa hata mmoja.

"Alikuwa na mimba," Karekezi alimwambia Rakeli jioni ile.

Rakeli aliacha kisu. "Pole, Baba Isaro," alisema. "Tusitupe hata kipande."

Na hawakutupa. Wanaume wengine wa kanisa nao walipata majike kwa Bi Darlene msimu ule. Masika, Rakeli na wenzake wakazungusha wavu kwenye bustani, maana kulungu hawakwisha, na kuwinda peke yake hakutoshi. Kiangazi hiki walipita wachache tu. Maharage yalipanda miti yao mpaka juu. Bi Darlene alikuja, akaangalia, akavunja ganda moja akatafuna.

"Majani ya farasi nitapanda upande mwingine," alisema.

Jumamosi iliyopita Karekezi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa bustani. Simu ikalia. Ni mama yake, kutoka Buffalo.

"Nimesikia uliua jike," mama alisema, bila hata salamu.

"Ndiyo, mama. Iliniuma."

"Nilikuambia usithubutu."

"Uliniambia, mama."

Karekezi akangoja akaripiwe.

"Hiyo sauti ni ya nani?" mama aliuliza.

Karekezi aligeuka. Rakeli alikuwa katikati ya maharage, ameinama, ndoo imejaa, anaimba kwa nguvu zote.

"Ni Rakeli, mama."

"Rakeli huyu huyu?"

"Huyu huyu."

"Peleka simu karibu," mama alisema. Karekezi akainyoosha simu kuelekea bustanini, akaishikilia hivyo mpaka wimbo ukaisha. Alipoirudisha sikioni, alimsikia mama anapenga kamasi.

"Haya," mama alisema. "Na hayo maharage, unitumie."