Niliandika Udhaifu Wangu, Wakanifukuza Nao

Nina miaka hamsini na nne, mjane, mkazi wa Muthetheni. Wasomaji wenzangu, msinionee huruma haraka... Ngojeni kwanza msikie niliyoyafanya.

Binti yangu Mwende alizaliwa na ulemavu. Hakutembea, hakujilisha. Kwa ajili yake, mimi na jirani yangu Nduku tulianzisha kituo cha watoto kama yeye katika nyumba kuukuu tuliyoazimwa na kanisa. Nduku, aliyekuwa mpishi wetu, hakusoma, lakini alijua namna ya kumkalisha kila mtoto ili uji upite vizuri. Wakisikia sauti yake tu, watoto walicheka.

Kisha akaja Kavata. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nilimlea tangu akiwa na miaka sita, nikauza mbuzi wangu wote asome hadi chuo kikuu. Aliniita mwaitu, yaani mama, na kweli nilikuwa mama yake.

Alikuja na habari za wakfu mmoja unaotoa ruzuku ya kuimarisha uwezo wa mashirika madogo. Si ruzuku ya unga wala ya viti vya magurudumu, ila ya kulifanya shirika lenyewe lisimame: uongozi, mafunzo, kumbukumbu. Kwanza ilibidi tujaze fomu ya kujitathmini.

"Mwaitu, hawa watu wanasaidia mgonjwa mwenye anasema anaumwa," Kavata aliniambia. "Ukijisifu tumekosa. Jiandike vibaya kabisa!"

Nikajiandika vibaya. Kila mahali alama moja kati ya tano! Nikaandika kwamba mkurugenzi, yaani mimi, hana uwezo wa kuongoza. Nikaandika kwamba mpishi wetu hana mafunzo na ni hatari kwa watoto. Nduku, hatari! Tulicheka mimi na Kavata hadi machozi, nikatia sahihi.

Ruzuku ilitoka. Tukapata kibao kipya barabarani, kompyuta, na semina katika hoteli mjini Machakos. Lakini wafadhili waliuliza: yule mpishi hatari mmemchukulia hatua gani? Kavata akasema aondoke.

Nilimwita Nduku nyuma ya jikoni. "Mama Mwende, kwani nimekosea wapi?" aliniuliza. "Si ni mimi nilikuwa nabeba hawa watoto na mgongo?" Nikamjibu kwamba ni mambo ya wafadhili. Mimi! Alivua aproni, akaikunja vizuri, akanikabidhi. Nami jioni ile nilikula nikashiba.

Haikupita hata miezi mitatu, bodi mpya iliyotakiwa na wafadhili, wote marafiki wa Kavata, ikaniita kikaoni. Wakanisomea ile fomu, mwandiko wangu mwenyewe! Wakasema shirika haliwezi kuongozwa na mtu aliyekiri kwamba hawezi. Nilimgeukia Kavata, mtoto ambaye kwa ajili yake nilimnyima Mwende ili yeye asome...

"Mwaitu, usichukulie vibaya," alisema. "Ni wewe ulisaini."

Leo yeye ndiye mkurugenzi. Kituo kikageuzwa cha kutoa mafunzo kwa mashirika mengine, na watoto wote wakarudishwa makwao. Mwende naye, aliyekuwa akilala kituoni kama wenzake, akarudishwa nyumbani kwangu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwahi kujifunza kumlisha mwanangu. Tangu utotoni alilishwa na Nduku, na Nduku alipoondoka, na wasichana wa kituo aliokuwa amewafundisha; mimi nilikuwa mtu wa mikutano na barua. Kila kijiko alikohoa, akanitazama kwa hofu, akafunga mdomo. Nduku anakaa boma la tatu kutoka langu. Ningemwita angekuja? Sikuthubutu. Niliona haya! Siku nne nilipambana peke yangu, huku nikijidanganya kwamba atazoea.

Siku ya tano asubuhi alipaliwa na uji mikononi mwangu. Nilimpigapiga mgongoni, nikapiga kelele, majirani wakaja mbio... Mwende wangu alikuwa amekwisha kukata roho.

Kavata alituma maua yenye jina la shirika. Nduku alikuja mwenyewe, akamwosha, akamvalisha. Alipomaliza aliniuliza neno moja tu, kwa upole ambao hadi leo unanichoma.

"Si ungeniita tu?"

Ndugu zangu, ombeni misaada, si dhambi. Lakini msimchafue mtu kwenye karatasi ili mpewe! Na kama umeshamchafua, usingoje aibu ikuishe. Nenda kwake leo, hata kama atakufukuza. Mimi nilingoja siku nne.