Wa Nne Juu ya Mabega

Anayetaka kuicheka habari hii na aicheke, lakini kwanza asimame tuli, macho mbele, abebe mabegani watu watatu asioweza kuwaona. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Bruno Torelli, Mtaliano mwenye sarakasi, aliyeletwa Jidda mwaka wa sabini na saba, pesa za mafuta zilipokuwa zinanunua kila kiroja cha dunia. Mabegani mwake alisimama mwanawe Carlo, juu ya Carlo akasimama mdogo wake Dino, na kileleni Lidia, binti yake wa miaka kumi na tisa. Kwa kuwa wa chini haruhusiwi kuinua kichwa, walikuwa na ada yao: Bruno huita jina, na anayepanda akishasimama sawasawa hujibu, "Nipo!"

Kafili, mdhamini Mwarabu aliyewaleta, alikuwa na sharti moja. "Wanaume tu. Mwanamke mafi, hakuna." Basi Lidia akabaki ndani ya gari lao la kulala, akishona nguo za wenzake, na mnara ukawa wa watu watatu.

Usiku wa kwanza hema lilijaa mpaka mlangoni. Bruno akaita Carlo, akajibiwa. Akaita Dino, akajibiwa. Ulimi una mazoea yake, na huu ulikuwa na mazoea ya miaka sita.

"Lidia!" akaita.

"Nipo," ikajibu sauti nyembamba kutoka juu.

Watazamaji wakapiga makofi. Mselem, mkalimani, alicheka kando ya pazia. Alikuwa Mzanzibari aliyekimbia Unguja mwaka wa sitini na nne, akajifunza Kitaliano Mogadishu kabla ya kufika Jidda, na aliyajua masihara ya Dino. Kisha akaona magoti ya Bruno yakilegea, kama ya mpagazi aliyeongezewa gunia bila kuambiwa.

"Dino, mzaha gani ule?" Bruno aliuliza walipotoka.

"Mimi sikusema kitu, baba," Dino akanong'ona. Alikuwa anajipapasa mabega. "Kuna kitu cha baridi kilinikanyaga."

Usiku wa pili Bruno aliuma meno, hakuita. Sauti ikajibu vilevile. Safari hii ilikuja na harufu ya udi uliomwagiwa maji, na uzito ulikuwa umezidi. Kuacha kazi hakukuwezekana, maana pasi zao zote za kusafiria kafili alizifungia kabatini.

Siku ya saba, asubuhi, Mselem aliwapelekea chai, akamkuta Lidia anaanika nguo nyuma ya gari. Viatu vilimpwaya, akavivua akatembea peku mchangani. Alipokwisha kupita, Mselem alitazama chini. Mchanga ulikuwa laini, haukuwa na unyayo hata mmoja. Mselem aliogopa, na kwa kuwa naye ni baba wa binti, aliogopa mara mbili.

Hakumwambia mtu. Alikwenda mtaa wa Sharafiya kwa Bi Mwanakhamis, mwanamke wa Unguja aliyetibu watu kwa siri, kwani nchi ile mganga akikamatwa hana wakili. Alasiri akaja naye, kajitanda buibui, na kapu la nguo kichwani kama dobi.

Bi Mwanakhamis alimtazama Lidia, akayatazama mabega ya Dino yaliyovilia damu, kisha akauliza polepole, "Nani alomwita?"

Mselem akatafsiri. Bruno akajigusa kifua.

"Kamwita pahala patupu, na patupu hapakosi mwenyewe. Sasa jini kashalishika jina, na jina linamvutia mwili wa mtoto. Kila akizidi uzito yeye, huyu anapungua."

"Mwambie alirudishe," Bruno akasema.

"Hakuiba, kapewa. Tumwachie. Mtoto tumpe jina jengine, kama kwetu jina linapomkataa mtoto."

Bruno akachagua Rosa, jina la mama yake. Bi Mwanakhamis akafukiza ubani, akasoma alichosoma, akamwosha binti uso kwa maji ya waridi na kumnong'oneza sikioni mara tatu, Rosa, Rosa, Rosa. Binti akashuka mchangani, na nyayo zikatokea, visigino na vidole vyote kumi. Bruno alipiga magoti akazibusu, akilia bila haya.

"Mselem, mwanangu, mwambie vizuri," Bi Mwanakhamis alisema akifunga kapu lake. "Lile jina si la mtoto tena. Akimwita kwalo, huyu hatosikia. Atasikia mwenyewe, yule aliyepewa."

Wakahamia Riyadh, kwenye uwanja mtupu wa Naseem. Siku arubaini Bruno aliufunga ulimi wake. Mnara ukawa mwepesi, Rosa akanenepa kwa wali wa Mselem, na Dino akarudia kumtania baba yake kwamba anaomba hata chumvi kwa tahadhari. Siku ya arubaini na moja, pasi zikiwa mkononi, walianza kubomoa hema.

Ilikuwa adhuhuri. Rosa alikuwa katikati ya uwanja, kawapa mgongo, anapanga nguo sandukuni, na upepo wa vumbi ukaja ghafla ukalijaza turubai lililokuwa limefunguliwa nusu, kamba ya mlingoti mkubwa ikakatika kwa mlio mmoja, mlingoti ukayumba, ukasita, ukaanza kulala upande wa binti, na Mselem, aliyekuwa mbali, akavuta pumzi apige ukelele wa jina jipya, lakini kinywa cha baba kilikuwa kimekwisha funguka, na kilichotoka ni jina alilomwita mikononi mwa mkunga.

"Lidia!"

Rosa hakugeuka. Aliendelea kukunja nguo, ametulia, kama ambaye hakuna aliyemwita.

Mselem alipiga kelele, akakimbia, hakufika. Mlingoti ulitua juu ya binti. Alipogeuka, Bruno alikuwa bado pale pale, hajapiga hata hatua moja kumwendea mwanawe. Magoti yake yalikuwa yamelegea, shingo imeinama, na juu ya shati lake jeupe, kila bega, kitambaa kilikuwa kimebonyea kwa unyayo mwembamba wa vidole vitano.

"Nipo, baba," ikasema sauti.