Ndege Iliyopima Msitu wa Simbo

Jirani yangu Melania anafinyanga vyungu. Yeye na mumewe, Ndikumana, walikimbia vita Burundi, wakafika hapa Simbo, wakabaki. Vyungu vyake vinauzwa hadi Kibirizi. Lakini chungu kibichi si chungu. Lazima kichomwe, na kukichoma ni kuni.

Mwaka mmoja wakimbizi walikuja tena kwa wingi. Mwenyekiti wetu, Mzee Bonifasi, akatutangazia, "Wakimbizi wanamaliza msitu. Wiki ijayo ndege itaupima. Ikionekana haukui, tunaufunga. Hakuna kuokota hata kijiti."

Melania aliingia kwangu macho mekundu. "Msitu ukifungwa, wanangu watakula nini?"

Ndikumana hakukaa bure. Heri angekaa! Upande wa mashariki wa msitu ulikuwa mtupu. Akakusanya wenzake, wakakata matawi mabichi, wakayachomeka ardhini. "Ndege ikipita juu itaona kijani kitupu," akasema, kifua mbele. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Ndege ikaja. Ikaenda na kurudi juu ya msitu, kama mtu anayelima matuta. Kesho yake akafika Asia, afisa misitu. Akayakuta matawi yamenyauka.

"Nani kapanda haya?"

Ndikumana akatazama viatu vyake.

"Kaka, ndege hii haitafuti kijani," Asia akasema. "Inatuma miale ya mwanga. Mmoja unagonga majani ya juu, unarudi upesi. Mwingine unapenya mpaka ardhini, unachelewa kurudi. Tofauti hiyo inatupa urefu wa mti. Haya matawi yako yanafika magotini. Yatahesabiwa magugu."

"Na kukua mnakujuaje?" Melania akauliza.

"Ndege ilipita hapa miaka mitano iliyopita. Tunalinganisha urefu wa wakati ule na wa sasa. Ila unene wa shina haiuoni. Huo tunaupima sisi huku chini. Nishikie utepe, mama."

Wakapima miti ya sehemu chache, shina kwa shina, usawa wa kifua. Urefu na unene vikiwekwa pamoja, hujulikana msitu unaongeza kuni kiasi gani kila mwaka.

Mvua zilipoisha, majibu yakaja. Uwanja ulijaa watu. Asia akatundika ramani. "Upande wa magharibi unakua vizuri sana," akasema.

"Huko nani anakata kuni?" Mzee Bonifasi akauliza.

Melania akasimama. "Sisi wanawake wa Burundi. Tunakata kwa panga, usawa wa goti. Kisiki tunakiacha kichipue."

"Na kila mwaka msitu wa huko unaongeza kuni nyingi kuliko mnazokata," Asia akasema. "Mashariki hauongezi kitu. Visiki vimeng'olewa kwa sururu. Kisiki kikitoka, mti umekwisha."

Wachoma mkaa wa mashariki ni sisi wenyeji, na kila mtu alijua. Mzee Bonifasi akakohoa.

Msitu haukufungwa. Tulikubaliana kukata kwa zamu: sehemu moja ikikatwa, nyingine zinapumzika. Tusikate zaidi ya kile msitu unachoongeza. Kung'oa kisiki ni marufuku. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikapiga mpaka sauti ikakauka.

Kabla hatujatawanyika, Mzee Bonifasi alimwendea Melania mbele ya watu wote. "Mama, Jumamosi utufundishe kukata."

"Ego, Mzee," Melania akajibu kwa Kirundi, yaani ndiyo. "Njooni na mapanga. Sururu ziacheni nyumbani."