Asilimia Themanini na Mbili

Kila asubuhi, kengele ikishalia, Mwanatatu alizunguka madarasa matano ya shule yao pale Likoni akikusanya idadi ya waliohudhuria. Shule ilikuwa na wanafunzi mia mbili. Alijumlisha, akatafuta asilimia, kisha akaiandika kwa chaki kwenye ubao nje ya ofisi ya Mwalimu Phineas, mwalimu mkuu. Alipewa kazi hiyo kwa kuwa katika hesabu hakuwa na mpinzani.

Mwaka huo, 1961, wakubwa wa elimu walikuwa wameahidi kuwa mahudhurio ya muhula yakifika asilimia tisini, shule ingejengewa darasa. Watoto wa darasa la kwanza walisomea barazani, na mvua ikinyesha walikuwa wakiloa.

"Asilimia tisini ya mia mbili ni wangapi?" Mwalimu Phineas aliwauliza wanafunzi.

"Tisini mara mia mbili, gawanya kwa mia," Mwanatatu alijibu. "Mia na themanini, mwalimu."

Jumatatu moja alihesabu mia na sitini na wanne tu. Asilimia themanini na mbili! Akawafikiria wale wadogo wa barazani, akaandika tisini na mbili. Jumanne akafanya vivyo hivyo. Kila mwalimu aliona watoto kama saba hawapo darasani mwake, akadhani ni mafua. Aliyejua hali ya shule nzima ni Mwanatatu peke yake.

Jumatano asubuhi alipitia mtaa wa Mtongwe kumjulia hali rafikiye, Kafedha, ambaye hakuwa amefika shuleni tangu Jumatatu. Alimkuta mamake Kafedha akifunga mlango.

"Shikamoo, mama. Kafedha yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Kapelekwa hospitali alfajiri. Anahara damu tangu Jumapili, hata kusimama hawezi. Wala si yeye tu. Nyumba zote hizi watoto wamelala."

Mwanatatu alikimbia hadi shuleni, akaingia ofisini akihema.

"Mwalimu, nimeandika uongo ubaoni. Si tisini na mbili. Ni themanini na mbili, tangu juzi."

Mwalimu Phineas aliweka kalamu chini.

"Basi waliokosa ni asilimia kumi na nane. Ni watoto wangapi?"

"Thelathini na sita."

"Chukua madaftari ya mahudhurio, uniandikie majina yao, na wanakokaa."

Aliandika huku machozi yakimtiririka. Alipomaliza, waliona kuwa watoto thelathini kati ya hao walikaa Mtongwe, na wote walitumia kisima kimoja.

Siku hiyo hiyo bwana afya alikuja kwa wito wa Mwalimu Phineas, akakifunga kisima, akawaamuru watu wachemshe maji yote ya kunywa. Wagonjwa wakatibiwa. Alhamdulillahi, hakuna mtoto aliyefariki. Kafedha alirudi shuleni baada ya wiki tatu, amekonda, gauni likimpwaya.

Muhula ulipokwisha, mahudhurio yalikuwa asilimia themanini na sita. Darasa halikujengwa. Mwanatatu alikwenda kuomba radhi na kurudisha chaki.

"Chaki kaa nayo," Mwalimu Phineas alimwambia. "Kuzidisha na kugawanya hukukosea. Ulikosea kuiona namba ndogo kuwa ni aibu. Ile themanini na mbili ilikuwa kilio cha wenzako thelathini na sita, nawe ukakiziba. Hesabu isiyo na ukweli, mwanangu, haimfai mtu, hata kama umeifanya kwa nia njema."