Kiti cha Mshika Taa

Sogeeni. Sogeeni huku kwenye mkeka, magoti yagusane, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Mwenye kitu kinacholia mkononi, funguo ama kiberiti ama shilingi, akiweke chini, maana hadithi hii haipendi kutikisiwa kitu. Nyamazeni kidogo. Mmesikia jinsi kulivyo kimya? Basi tukae hapo hapo.

Ilianza na kiti kilicholowa maji.

Ilikuwa Homa Bay, miaka ile ya tisini gugu maji lilipoanza kulifunika ziwa kama shamba ambalo hakuna aliyelipanda. Kulikuwa na msichana anaitwa Damaris, mpiga chapa. Alikodi chumba nyuma ya soko, akaweka taipureta moja, meza moja na viti vinne. Siku za kazi aliwapigia watu barua za mashamba na maombi ya kazi. Jumamosi ni Sabato, alikwenda kanisani na mama yake, Priscilla. Lakini Jumapili mchana kile chumba kilikuwa cha mchezo.

Mchezo wenyewe uliletwa na mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyewafundisha hesabu Damaris na mdogo wake Tony. Alipokwenda kwao aliwaachia kitabu. Ni mchezo wa kusimulia: mmoja anasema mbele yenu kuna mlango, wengine kila mtu ana mtu wake wa kubuni, anasema mtu wake anafanya nini, na dadu inaamua. Sasa mchwa walikuwa wamekula nusu ya kitabu, na hiyo nusu ndiyo iliyokuwa na kanuni. Tony akasema, "Dama, mchwa wametuachia kazi." Wakaanza kutunga zao.

Dadu ya pembe ishirini hawakuwa nayo. Waliokota vizibo ishirini vya soda, wakaviandika namba kwa rangi ya kucha, wakavitia ndani ya mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Unatikisa, unachota kimoja bila kuangalia. Ishirini ni heri. Moja ni balaa.

Kitabu kilisema habari za majumba ya kizungu na theluji. Damaris akasema theluji yeye haijui, hawezi kumwogopesha mtu kwa kitu asichokijua. Akatunga nchi yake, akaiita Ohinga ya Chini. Mnazijua ohinga, yale maboma ya mawe ya watu wa kale yaliyosimama upande wa Migori. Ya Damaris ilijengwa kushuka. Boma chini ya boma, chini ya boma, na chini kabisa maji meusi. Humo kulikuwa na fisi wanaohesabu watu, na ghala linalopumua, na bibi anayeuza usingizi kwa kibaba. Kila Jumapili aliongeza chumba kwenye ramani aliyoichora, akajaribu kanuni, ikimchosha mtu anaifuta.

Nyingine zilikaa kwa sababu zilifanana na nyumbani. Kabla ya mkuki ni salamu, hata kwa fisi. Unamsalimu kwanza, halafu kizibo kinaamua atakujibu vipi. Mgeni akiondoka hatoki mikono mitupu. Na kanuni haibadilishwi mpaka wote walioketi wakubali. Halafu kulikuwa na moja aliyoidai Tony mwenyewe, kwa kuwa alikuwa akinunua samaki Karungu na Jumapili nyingine hafiki. Hakutaka mtu wake aachwe gizani. Damaris akaipiga chapa hivi: Asiyekuwepo anachezewa na waliopo, mpaka arudi.

Mtu wa Tony aliitwa Mshika Taa. Alitangulia mbele na koroboi, na siku zote akifika penye maji alikataa kuingia, maana Tony mwenyewe aliogopa maji. Wachezaji wengine walikuwa Cephas, fundi wa redio, mchumba wa Damaris, na Bathsheba, dada wa Kikisii aliyeuza mitumba ya kutoka Isebania, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa.

Mwaka wa nne wa mchezo, mtumbwi ulipinduka karibu na Karungu. Watu wanne walipatikana. Tony hakupatikana.

Wazee wa ukoo walimwambia Priscilla kwamba desturi ipo. Mtu akipotelea majini, linatafutwa tunda la mwegea, lile refu zito ambalo Wajaluo huliita yago, linavishwa nguo yake, linazikwa mahali pake, naye anatulia. Priscilla akasema hizo ni ibada za giza, na mwanawe hajafa mpaka amwone. Akamwambia Damaris, "Nyathina, mwanangu, usilie. Ukilia unamzika."

Damaris hakulia. Aliyaweka machozi kama mtu anavyoweka maji kwenye mtungi, akaufunika, akarudi kupiga chapa. Watu walisema ana moyo mgumu. Hapakuwa na moyo mgumu. Alikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi. Ukiugusa unaona umegusa mguu wa mtu mwingine.

Baada ya wiki sita wakakaa tena Jumapili. Cephas akakitazama kile kiti cha nne, akauliza polepole, "Na Mshika Taa?"

Damaris akasema, "Kanuni ipo. Anachezewa mpaka arudi."

Wakamchezea. Mkebe ulipelekwa mbele ya kiti kitupu, ukatikiswa, kizibo kikachotwa. Walicheza mpaka jua likazama, na hapo ndipo kosa lilipotendeka.

Jioni ile walipita nyawawa, mizimu ya ziwani. Watu wa ziwani mnajua: upepo unatoka majini na sauti ndani yake kama umati unaopita ukinong'ona, na kila nyumba inapiga sufuria, inapiga mabati, ili wapite waende zao. Mji mzima ulipiga. Ndani ya chumba kimoja tu, mtu alikuwa ameshika mkebe mbele ya kiti kilichowekewa mtu, anautikisa taratibu, kama unavyotikisa mahindi kuwaita kuku. Wenzao walikuwa wanafukuza. Wao waliita.

Jumapili iliyofuata Bathsheba alitaka kuweka mkoba wake pale, akaurudisha. "Nani amemwaga maji kwa kiti?" Hakuna aliyemwaga. Ilikuwa kiangazi, na bomba la soko lilikuwa kavu tangu Jumatano. Damaris akapangusa kwa kanga. Kanga ikanuka matope ya ufukweni, matope na samaki aliyelala. Wakacheza. Zamu ya Mshika Taa ilipofika, Damaris aliunyoshea mkono mkebe, na kabla hajaugusa, kizibo kilikuwa mezani, kimelowa. Namba ishirini. Mshika Taa, ambaye miaka minne alikataa maji, akashuka ngazi za kuelekea majini, na wengine, kwa kuwa taa ilikuwa kwake, wakamfuata. Cephas akakohoa. Akatema kitu kwenye leso, akakikunja haraka. Damaris alikiona. Lilikuwa jani bichi la gugu maji.

Bathsheba hakucheka siku ile. Alisema yeye harudi, na mtu mwenye akili asirudi.

Jumapili ya tatu hawakwenda. Damaris alifunga chumba, akaenda kibandani kwa Cephas kumpelekea chai, saa nane mchana, jua limesimama juu ya mabati, watu wamekaa vibarazani. Na Cephas akiwa ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo akainua kichwa kana kwamba ameitwa, akafungua mdomo kuvuta hewa na hewa haikuingia, akashika shingo, akapiga mikono kama anayetafuta juu ni wapi, na maji yakamtoka puani yakadondokea waya za redio, maji ya kijani, na kote kule, kupitia kelele za watu waliokuja kumshika, Damaris akasikia kutoka upande wa soko, kutoka ndani ya chumba alichokifunga kwa mkono wake na ufunguo ukiwa kifuani mwake, vizibo vikichakacha ndani ya mkebe, vinatulia, vinachakacha, vinatulia, zamu ya mmoja, zamu ya mwingine.

Akaelewa. Asiyekuwepo anachezewa na waliopo. Na aliyekuwepo alikuwa mmoja tu.

Walipofungua chumba, ramani ilikuwa mezani na punje ya mahindi iliyokuwa alama ya Cephas ilikuwa imesogezwa. Ilibaki ngazi moja kufika maji meusi.

Mchungaji aliitwa, akaomba vizuri, kwa unyenyekevu, mpaka jasho likamtoka. Alipoondoka kiti kilikuwa kimelowa zaidi. Hakuwa na kosa, hakuzijua kanuni. Bathsheba alirudi kwa sababu ya Cephas, akataka wachome karatasi zote.

"Tukichoma," Damaris akasema, "atabaki bila kanuni. Sasa hivi angalau anazifuata."

"Tufute hiyo moja basi."

"Mpaka wote walioketi wakubali. Na yeye ameketi."

Aliyasema bila kutetemeka, kama anasoma barua ya mtu mwingine. Usiku kucha hakuwaza kumhusu Tony wala Cephas. Aliwaza kuhusu kazi yake, maneno aliyoyapiga kwa vidole vyake: mpaka arudi. Alfajiri alikwenda kwa mama yake.

"Mama," akasema, "usipomzika Tony, mimi nitamzika Cephas."

Priscilla aliuacha uji mpaka ukaungua. Kisha akainuka, akachukua panga na gunia, wakapanda gari kwenda Lambwe. Kule walitafuta mwegea, na Priscilla akachagua tunda mwenyewe, akiyapima kwa mikono, mpaka akapata lililokuwa na uzito alioukumbuka, uzito wa mtoto wa miezi sita. Akalivisha shati la Tony.

Jumapili ya nne, saa sita mchana, walikaa. Cephas alibebwa mpaka kwenye kiti chake, midomo ya bluu. Bathsheba alimshika mkono. Priscilla alisimama mlangoni na gunia. Mlango uliachwa wazi, jua lote lilikuwa nje, soko linapiga kelele zake, na hata hivyo ndani mlikuwa na baridi kama chini ya mtumbwi, na kile kiti kilikuwa kinadondosha, tone, tone, tone, na mkebe ulikuwa umeanza kutetemeka wenyewe mezani kama sufuria inayokaribia kuchemka, maana zamu iliyokuwa inakuja ni ya Mshika Taa, na ngazi ilikuwa moja.

Damaris akaanza na kanuni yake ya kwanza. "Salamu kwako uliyeketi."

"Salama, dada," sauti ikajibu. Ilikuwa sauti ya Tony kabisa. Bathsheba akafumba macho. Lakini Tony hakumwita dada hata siku moja. Tangu anajifunza kusema alimwita Dama.

"Umemshikia mtu kiti," Damaris akasema.

"Hayupo."

"Amerudi."

Priscilla akalitoa lile tunda ndani ya gunia, akalikumbatia, akavuka chumba. Akaliketisha kwenye kiti kilicholowa, akalirekebisha kola ya shati. "Huyu ndiye Tony," akasema. "Mwanangu. Amerudi. Amekufa."

Mkebe ukanyamaza.

Kisha ile sauti, sasa kutoka pembeni ya kiti, sasa si ya Tony wala ya mtu, ikasema kwa adabu: "Mgeni hatoki mikono mitupu. Wewe ndiye uliyeandika, dada."

Damaris akatazama chumba. Aliona stuli iliyovunjika mguu, utepe wa taipureta uliokauka wino, kalenda ya mwaka juzi. Alikuwa amechoka. Alitaka tu limalizike. "Chukua," akasema, "kitu ambacho hakuna anayekitumia."

Kitu kikampita. Alihisi baridi kifuani, kama mtu amefungua kabati akalifunga. Harufu ya matope ikatoka mlangoni, ikavuka soko, mbuzi wakaipisha njia. Cephas akavuta pumzi, ndefu, ya kukwaruza, halafu nyingine, na Bathsheba akaangua kilio na kicheko pamoja.

Walikagua chumba chote. Stuli ilikuwepo. Utepe ulikuwepo. Hakikupungua kitu. Bathsheba akasema basi hata mashetani hudanganyika.

Walimzika Tony Karungu, ndani ya boma la baba yake, katika jeneza dogo. Udongo wa kwanza ulipogonga mbao, Priscilla alilia miezi yote aliyojinyima, akaanguka, akashikwa. Watu wakamgeukia Damaris, wakamwachia nafasi, maana sasa ilikuwa halali yake. Naye akajua wakati umefika. Akaenda ndani yake penye ule mtungi alioufunika, akafunua, akaingiza mkono.

Mkono uligusa udongo mkavu wa mtungi.

Alisimama pale macho yakiwa wazi, akiwatazama wenzake, mpaka kaburi likajaa. Aliolewa na Cephas, akazaa, akamzika mama yake baadaye, akamzika na mtoto mmoja. Macho yake hayakulowa tena.

Sasa mtauliza vitu vilikwenda wapi. Shati la Tony lilikwenda na tunda. Mama Priscilla alirithi kaburi la kupalilia, na alilipalilia mpaka mwisho. Cephas alirithi kikohozi cha msimu wa mvua. Ramani na kanuni zilibaki kwa Damaris, chini ya godoro, na ile ya asiyekuwepo ameipiga mstari kwa wino mwekundu. Kiti kilirithiwa na moto.

Mkebe aliuchukua Bathsheba, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka, akaupeleka kwao, akauweka juu ya kabati pakavu, vizibo ishirini ndani. Kila akiushusha anakuta maji kidogo chini yake, kijiko kimoja, viwili. Anayamwaga. Yanarudi. Kuna mwaka walimzika mtoto wa Damaris, na Bathsheba aliporudi nyumbani kutoka matangani alikuta mkebe umejaa unamwagika. Alidhani ni ziwa bado linamfuata. Akachovya kidole, akaonja.

Yalikuwa ya chumvi. Na ziwa letu, wajukuu wangu, mmelinywa tangu mzaliwe. Halina chumvi.