Foleni ya Snuzi Dukani kwa Mjomba Reino

Kila asubuhi Aili Kangas alikula uji wake huku redio ikizungumza juu ya friji. Kwanza ilitangazwa hali ya hewa, kisha barabara zilizofungwa kwa theluji, halafu kipindi ambacho hakuna nyumba katika mji wa Harju iliyokikosa, yaani Soko la Asubuhi. Watu walipiga simu kutangaza wanachouza na wanachotafuta. Mmoja aliuza jiko la kuni, mwingine aligawa watoto wa paka, na Bi Tuominen alikuwa bado anatafuta mnunuzi wa tarumbeta ya marehemu mumewe. Mtangazaji, Bwana Delbert, alimpokea kila mpigaji kwa upole uleule, awe anauza trekta au soksi.

Lakini Desemba ile hakuna aliyeuza kitu. Kila mtu alitafuta Snuzi.

Snuzi alikuwa mdoli mnene wa manyoya mwenye masikio marefu, ambaye sidhani hata aliyemtengeneza alijua kama ni dubu au sungura. Ukimkumbatia, alifumba macho, akafungua kinywa na kupiga mwayo mrefu. Basi, hakuwa na kazi nyingine. Lakini tangu televisheni ilipoanza kumwonyesha, watoto wa Marekani nzima waliona kwamba Krismasi bila Snuzi ni heri isije. Maduka yaliishiwa. Tulisikia kwamba katika miji mikubwa watu wazima waliovaa tai walivutana makoti kwa ajili yake. Sisi wa Harju tuliwacheka sana, kana kwamba sisi hatuna makoti.

Shuleni kwa kina Aili, Snuzi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa wa Gretchen Pelkey, aliyetumiwa na shangazi yake wa Detroit. Gretchen alimleta bwaloni wakati wa chakula cha mchana, na meza yake ikajaa kama kanisa siku ya harusi. Wasichana walimpokezana Snuzi mmoja baada ya mwingine. Aili, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili na ambaye hakuwahi kukaribishwa kwenye meza ile, alisimama pembeni akingoja zamu yake. Ilipofika, Gretchen alimvuta Snuzi kifuani.

"Wewe ngoja kwanza," alisema. "Mikono yako inanuka misumari."

Meza nzima ikacheka. Ni kweli kwamba kila jioni Aili alimngojea mama yake katika duka la mjomba wake, Reino Saari, aliyeuza misumari, mabomba, rangi na makoleo ya theluji. Masikio yalimwaka moto. Alitafuta neno la kujibu, na neno lililokuja halikuwa la kweli.

"Sawa, baki na huyo wako. Jumamosi mjomba anashusha lori zima la Snuzi."

"Duka la misumari lilete Snuzi? Hebu tuondolee."

"Usiamini basi. Atakayechelewa asije kunililia."

Kicheko kilikatika. Wasichana walitazamana, kisha mmoja akasogea, na mwingine akasogea, mpaka pakapatikana nafasi kwenye benchi. Gretchen mwenyewe akampakatisha Aili yule mdoli, na mdoli akapiga mwayo. Uongo una utamu wake mwanzoni, na anayekataa hilo hajawahi kudanganya. Aili alifurahi kuliko siku yoyote tangu shule ifunguliwe.

Furaha hiyo iliishia kwenye uji wa kesho yake.

"Leo nina habari kubwa," Bwana Delbert alisema redioni. "Kabla sijavua koti nimepigiwa simu na akina mama chungu nzima. Snuzi wanakuja Harju, Jumamosi asubuhi, dukani kwa Reino Saari."

Kijiko cha Aili kilisimama hewani. Mama yake aligeuka akashangaa jinsi kaka yake alivyoanza kuuza midoli bila kumwambia. Alimuuliza Aili kama amesikia lolote kule dukani. Aili alisema hajasikia. Hapo uongo wa kwanza ukapata mdogo wake.

Ni lazima nikueleze kuhusu Mjomba Reino, ili ujue ni kitu gani kilikuwa hatarini. Duka kubwa lilikuwa limefunguliwa kando ya barabara kuu, na misumari yao ilikuwa rahisi kuliko yake. Watu waliobaki kununua kwake walibaki kwa sababu moja, nayo ilikuwa neno lake. Akisema bomba litadumu, lilidumu. Akiwa hana unachotaka alisema hana, na akakuelekeza pa kukipata, hata kama ni kwenye duka lile kubwa. Zaidi ya hilo hakuwa na mtaji mwingine wa kumshindia mtu.

Jioni ile Aili alikuta simu ya dukani ikilia bila kupumzika. Mjomba alikuwa amekwisha mpigia Bwana Delbert akakanusha, na Bwana Delbert alikuwa amekwisha tangaza kwamba Reino amekanusha. Ungedhani mambo yangeishia hapo. Kumbe watu walisema kama hana, kwa nini anahangaika kukanusha? Walisema anawafichia ndugu na rafiki zake. Alipobandika karatasi mlangoni iliyosema HATUNA SNUZI, walisimama mbele yake wakakonyezana.

Aili alikuwa amekusudia kusema ukweli. Mjomba alikuwa juu ya ngazi, akipanga makopo ya rangi.

"Sijui nani kaanzisha hili," mjomba alisema akicheka, "lakini kanifanyia biashara. Betri zimekwisha. Watu wamenunua betri za mdoli wasiyekuwa naye."

Aili naye akacheka. Maneno aliyokuwa ameyaandaa akayameza, akajiambia kwamba kufikia Jumamosi watu watakuwa wamesahau.

Hawakusahau. Jumamosi kulipopambazuka foleni ilianzia mlango wa duka, ikapita kinyozi, ikapita benki, ikapotelea nyuma ya kanisa. Watu walikuwa wamekalia vile vibao wanavyokalia wanapovua samaki kwenye barafu, na wa kwanza kabisa, kinyozi Heikki Lampi, alikuwa amesimamisha hema lake la uvuvi palepale mlangoni. Kahawa ilipita mkono kwa mkono. Watu waliotengana kwa ugomvi wa mipaka ya mashamba waligawana blanketi moja. Wengine waliimba. Kila gari lililopita, foleni nzima ilisimama kwenye ncha za viatu, kisha ikaketi ikicheka. Aili alipofika na mama yake, moyo ulimdunda, kwa raha kidogo na kwa hofu nyingi, maana shamrashamra yote ile ilitoka kinywani mwake.

Karibu na mlango alisimama mzee mmoja, Bwana Niemi, aliyetoka mbali kwenye theluji pamoja na mjukuu wake, Kaisa, mtoto wa darasa la kwanza. Kaisa alimwona Aili akielekea mlangoni.

"Wewe ni wa dukani?" alimuuliza. "Snuzi wamelala humo ndani?"

Kabla Aili hajajibu, lori likakata kona. Lilikuwa lori lilelile la kila Jumamosi, lenye bidhaa za mjomba, lakini siku hiyo lilipokewa kama bwana harusi. Foleni ikavunjika. Dereva alipowaona wanavyomjia alifunga mlango wake na kubaki ndani. Mtu akafungua nyuma, masanduku yakaanza kushuka bila karani wala utaratibu. Kinyozi Lampi alishika sanduku upande mmoja, na Mwalimu Crandall, aliyefundisha hesabu na kusimamia nidhamu, akashika upande wa pili. Walivutana mpaka sanduku likapasuka. Kiti cha choo, cheupe na kipya, kikaanguka kwenye barafu na kuteleza hadi katikati ya barabara.

"Ni cha kuzugia," mtu akasema. "Snuzi wako ndani zaidi."

Wakasukumana tena. Kioo cha dirisha la duka kililia na kupasuka. Kaisa aliangushwa chini, glavu yake moja ikapotelea miguuni mwa watu, na babu yake akamwinua huku mtoto akilia. Hakuwa ameumia, lakini alikuwa ameogopa sana. Mjomba Reino alisimama mlangoni ameinua mikono, akirudia kwamba hana. Mteja wake wa siku nyingi, fundi bomba aliyenunua kwake tangu ujana, akamsogelea.

"Reino," alisema taratibu, "miaka yote hii nilikuamini. Leo unanidanganya mchana kweupe?"

Mjomba aliishusha mikono yake. Uso wake ulimshuka, na Aili hakuwa amewahi kumwona hivyo. Hapo ndipo aliposhindwa kuvumilia. Alipanda juu ya mifuko ya chumvi ya kuyeyushia barafu iliyorundikwa kando ya mlango.

"Hakuna Snuzi," alisema kwa nguvu. "Nilidanganya mimi."

Wachache waligeuka. Mmoja akasema mtoto kafundishwa na mjomba wake. Mwingine akamwambia ashuke asije akavunjika mguu. Aili aliona kwamba sasa hata ukweli hauna mnunuzi. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakutaka mtu yeyote alijue, na ndilo alilolisema.

"Gretchen Pelkey alisema mikono yangu inanuka misumari, na meza yote ikanicheka. Nikasema mjomba analetewa Snuzi, ili wanipe nafasi ya kukaa. Wakanipa. Sikuwa nimewahi kukaa nao. Mjomba hakujua. Nilimwacha ahangaike, na mama nikamwambia sijui. Naomba mnisamehe, na msimlaumu yeye."

Gretchen, aliyekuwa kwenye foleni na mama yake kutafuta Snuzi wa pili, alitazama viatu vyake. Kinyozi Lampi aliachia kipande cha sanduku alichokuwa amekishikilia. Akaenda katikati ya barabara, akaokota kiti cha choo, akakipangusa theluji kwa mkono wa koti.

"Hiki nimekiharibia sanduku mimi," alisema. "Nitakilipia."

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikashika njia mpaka nyuma ya kanisa. Si wote waliocheka. Wengine waliondoka wakinung'unika, na walikuwa na haki. Mwalimu Crandall aliokota masanduku kimya kimya na kuyaingiza dukani. Fundi bomba alivua kofia mbele ya mjomba, akaomba radhi. Aili alitafuta glavu mpaka akaipata, akampelekea Kaisa.

"Hata mmoja hayupo?" Kaisa aliuliza.

"Hata mmoja. Nisamehe."

Kaisa hakusema amemsamehe. Alivaa glavu yake akamshika babu yake mkono, na hilo lilimuuma Aili kuliko kelele zote.

Mjomba hakumfokea. Alimpa ufagio afagie vioo, wakaziba dirisha kwa ubao, kisha akamwonyesha simu. Siku nzima iliyobaki, kila aliyepiga kuulizia Snuzi alijibiwa na Aili mwenyewe: "Hatuna. Nilidanganya mimi, Aili." Mara ya kwanza alilitaja jina lake kwa kunong'ona. Baadaye alilitaja waziwazi, ingawa haikuwa rahisi.

Kabla ya kufunga, mwanamke mmoja aliingia akitaka kioo cha mlango wa jiko la kuni.

"Sina," mjomba alisema. "Nenda duka la barabara kuu, wanacho."

Mwanamke alishukuru akatoka. Mjomba alimngojea mpaka mlango ukajifunga.

"Umemwona yule?" alimuuliza Aili. "Umeona alivyofanya?"

"Ameondoka tu, Mjomba."

"Ameondoka tu. Hakuniuliza mara mbili, wala hakuchungulia stoo. Nimesema sina, naye anaendesha gari kwenye theluji kwa sababu ya neno hilo. Leo asubuhi watu wa mji huu walivunja dirisha langu kwa neno hilohilo. Dirisha nitalinunua lingine, mpwa wangu. Kuaminiwa hakuuzwi hapa, wala kule barabara kuu. Ukitaka marafiki, wape kitu ambacho hutalazimika kupanda juu ya mifuko ya chumvi kukirudisha."

Aili alichukua ufagio, akarudia pembe ambayo alikuwa ameshaifagia.